Majuma ya Kwanza ya Mimba

Wako wake wengi, huku Namanyere na kwingineko, ambao wakishika mimba hawamwambii mtu mpaka mwezi wa tatu upite. Huogopa husuda, na huogopa kutangaza jambo lisije likaharibika. Hatuwalaumu, maana siri ya tumbo ina heshima yake. Lakini siri hiyo ikifichwa hata mume na mganga wa zahanati, yaweza kumdhuru mtoto, kwani mambo makubwa ya umbo lake hufanyika katika majuma hayo hayo ya kimya.

Yafaa kwanza ijulikane jinsi mimba inavyohesabiwa. Waganga huanza tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si tangu siku mimba ilipotungwa. Hesabu yote ni siku 280, yaani majuma 40, au miezi tisa na nusu hivi ya mwandamo. Basi mwanamke ambaye hedhi yake ilianza siku ya kwanza ya Shaabani, na ilipoandama Ramadhani akaikosa, mimba yake imekwisha timiza majuma manne, na kipimo cha mkojo chaweza kuionyesha.

Majuma mawili baadaye moyo wa mtoto huwa umeanza kupiga, na mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kufunga. Usipofunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa mgongo wazi. Kinga yake ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, na afadhali ianzwe kabla ya mimba. Maharage, ambayo Ufipa haina uhaba nayo, na mboga za majani vina vitamini hiyo, lakini mara nyingi chakula peke yake hakitoshi. Unga wa ngano wa viwandani hutiwa foliki kwa kanuni za Serikali. Mahindi tunayosaga katika mashine za vijijini hayatiwi kitu. Ndiyo sababu yapasa kwenda kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na mganga mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya juma la 12. Huko hupimwa damu, mkojo na kaswende.

Kichefuchefu huanza yapata juma la sita, na kwa wengi hupungua baada ya mwezi wa tatu. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Tangawizi huwasaidia wengine. Hamu ya kula udongo ni jambo la kawaida, lakini udongo huweza kuleta minyoo na kuzidisha upungufu wa damu. Aliye na hamu hiyo amwambie mganga bila haya. Ama saumu, sheria imempa ruhusa mwenye kuhofia nafsi yake au mtoto wake, naye atalipa baadaye. Mume asimwonee kuwa mvivu.

Namanyere ina baridi, na mbu si wengi kama ufukoni. Lakini mke anayeteremkia Kirando au Kipili kwa jamaa zake asisahau chandarua chenye dawa, kwa sababu vidonge vya kukinga malaria havitolewi mpaka mwezi wa nne. Homa ikimshika, apimwe siku hiyo hiyo, wala asijinunulie dawa dukani.

Katika kila mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 hivi huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Sababu kubwa ni kasoro iliyokuwamo tangu kutungwa kwake. Si jicho la jirani, wala si ndoo aliyoibeba mama. Wakwe wanaomlaumu mke kwa hayo humwongezea msiba juu ya msiba. Si kila tone la damu ni dalili ya kuharibika, lakini damu yoyote yataka kuonwa na mganga. Damu ikitoka kwa wingi, au maumivu makali yakashika upande mmoja wa tumbo, au akazimia, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Hapo gari litafutwe mara moja, hata ikiwa usiku na mvua yanyesha, apelekwe hospitali.