Msimu ‘uliofutwa’ haukufutwa: Kitenzi kimoja kisibebeshwe mizigo minne

WIKI iliyopita niliingia kwa kinyozi wangu nikakuta mabishano yamepamba moto. Kinyozi ni shabiki sugu wa Gor Mahia. Mteja aliyekuwa kitini ni wa AFC Leopards. Walikuwa wakivutana kuhusu taji la Ligi Kuu ya Kenya la msimu wa 2019/20.

“Ligi ilifutwa kwa sababu ya korona. Sasa kombe la nini? Hilo ni la mezani!” akasema wa Ingwe.

“Haikufutwa, ilifungwa. Tulikuwa tunaongoza ikafungwa,” kinyozi akajibu, wembe hewani. Kisha akanigeukia: “Prof, wewe ndiye mwenye lugha. Tuamulie.”

Kabla sijafungua kinywa, kijana aliyeketi kwenye benchi akingoja zamu yake alidakia. Msimu huo alikuwa akichezea timu ya daraja la chini. “Mimi kocha alituambia ligi imefutwa. Nilipoulizia marupurupu ya mechi tulizokuwa tumecheza, klabu ikaniambia msimu umefutwa, kwa hivyo na hayo yamefutwa.”

Kicheko kiliisha papo hapo. Mimi nami nikaona kwamba swali la kinyozi halikuwa la ushabiki tu. Kuna mtu aliyekosa haki yake kwa sababu neno moja linaweza kusomwa kwa njia mbili.

Tuanze na yaliyotukia. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Machi 13, 2020, na mechi za ligi zikasimama mwezi uo huo. Mnamo Aprili 30, Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) lilitangaza kwamba msimu umefikia kikomo. Gor Mahia, waliokuwa kileleni kwa alama 54, saba mbele ya Kakamega Homeboyz, wakatawazwa mabingwa kwa mara ya nne mfululizo. Kampuni ya KPL iliyokuwa ikiendesha ligi ilipinga hatua hiyo. Mitaani na hata katika vyombo vya habari, tukio zima likabatizwa jina moja: ligi ‘imefutiliwa mbali’.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Maana ya msingi ya ‘futa’ ni kupangusa kitu kisionekane tena. Mwalimu akifuta ubao, hesabu iliyokuwapo haipo. Umbo ‘futilia’ huzidisha nguvu ya tendo, sawa na ‘tupa’ linapokuwa ‘tupilia’. Ukiongeza ‘mbali’, umesema kwamba hakuna kilichosazwa. Kwa mantiki hiyo, nikitunga sentensi kama “FKF yafutilia mbali ligi, Gor ndio mabingwa”, nusu ya kwanza inaikanusha nusu ya pili. Ikiwa mechi zote zimefutwa, hizo alama 54 zimetoka wapi?

Najua msomaji makini atanipinga. Atasema ‘futa’ lina maana nyingine: tunafuta mkutano, tunafuta safari, na mtu hufutwa kazi bila miaka aliyofanya kazi kupanguswa. Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha tatizo. Kitu ambacho hakijafanyika kikifutwa, maana yake hakitafanyika. Kitu kilichokwisha kufanyika, kama vile matokeo ya mtihani, kikifutwa, maana yake hakihesabiki tena. Maana zote mbili ni halali. Lakini kitu kilichofika katikati je? Msimu uliochezwa zaidi ya nusu una mechi zilizopita na mechi zinazosubiriwa. Ukisema ‘umefutwa’, unafuta zipi? Msikilizaji huchagua maana inayomfaa. Wa Ingwe alichagua yake, na klabu ya yule kijana ikachagua iliyoipunguzia gharama.

Korona ilitupa mifano ya kutosha ya kutenganisha dhana hizi, na Kiswahili tayari kina kitenzi kwa kila mmoja.

Kwanza ni ‘kuahirisha’. Neno hili la asili ya Kiarabu lina mzizi mmoja na ‘akhera’, yaani kile kijacho baadaye. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa kutoka 2020 hadi 2021 kabla ya kuanza. Kipute cha Euro 2020 vilevile. Kinachoahirishwa hakijaanza, na kimewekwa mbele.

Pili ni ‘kusitisha’ au ‘kusimamisha’. Tunaposema pande mbili zimesitisha mapigano, hatumaanishi kwamba vita vimekwisha. Bunduki zimenyamaza kwa muda. Ligi Kuu ya Uingereza ilisitishwa katikati ya Machi 2020, ikarejea Juni 17, na Liverpool wakatwaa taji walilokuwa wamelisubiri kwa miaka 30. Jirani zetu Tanzania pia walirejea viwanjani mwezi Juni, na Simba wakaibuka mabingwa. Kila mwajiriwa nchini anajua tofauti hii bila kufunzwa na profesa. Aliyesimamishwa kazi bado ana matumaini ya kurudi; aliyefutwa anafunganya virago.

Tatu ni ‘kukatiza’. Mwanafunzi aliyekatiza masomo akiwa kidato cha pili hakumaliza, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba hakuwahi kuingia kidato cha kwanza. Alichokipata ni chake. Ligi Kuu ya Ufaransa ilikatizwa, Paris Saint-Germain wakapewa ubingwa, nazo Amiens na Toulouse zikashushwa ngazi. Uholanzi nao walikatiza, lakini wakakataa kumtawaza yeyote. Ajax na AZ walikuwa sawa kwa alama 56, na Cambuur, waliokuwa wakiongoza daraja la pili, wakanyimwa nafasi ya kupanda. Hata hivyo, msimamo wa jedwali ndio uliotumiwa kugawa nafasi za mashindano ya Ulaya. Matokeo, basi, hayakufutwa. Yaliyotukia Kenya yanaingia katika kapu hili la tatu.

Wapo wanaopendelea ‘kutamatisha’ hapa. Mimi nina tahadhari. ‘Tamati’ lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na wazo la ukamilifu, ndiyo maana wahenga waliliandika mwishoni mwa tenzi zao. Msimu uliokatwa njiani haujakamilika. Anayelitaka aseme angalau ‘kutamatisha mapema’.

Nne ndiyo ‘kufuta’ kwenyewe, na kwa lugha ya kisheria, ‘kubatilisha’. Kilicho batili ni kama hakikuwahi kuwapo. Mnamo Machi 26, 2020, Chama cha Soka cha Uingereza kilitangaza kwamba katika madaraja ya chini, kuanzia la saba, msimu ungemalizwa na matokeo yote yafutwe, bila wa kupanda wala wa kushuka. South Shields walikuwa wakiongoza ligi yao kwa alama 12. Jasho la tangu Agosti likayeyuka kwa tangazo moja. Hao ndio wenye haki ya kusema msimu wao ulifutwa!

Je, nawataka wananchi waache kusema ‘ligi imefutwa’ wakiwa kwenye matatu? La. Lugha ni ya wasemaji, na maongezi yana njia zake za kufafanua, usipoelewa, unauliza. Ombi langu ni kwa wanaoandika mikataba, kanuni na habari, kwa sababu maandishi hayaulizwi yakajibu. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Siku itafika ambapo mchezaji atatia saini mkataba ulioandikwa kwa lugha hii, na kifungu cha majanga hakina budi kusema waziwazi: msimu ukisitishwa, mshahara utakuwaje? Ukikatizwa, mechi zilizochezwa zitalipwaje? Ukibatilishwa, nani atafidia nini?

Nilimjibu kinyozi kwamba ligi ilikatizwa, kwa hivyo alama za Gor zilibaki. Wa Ingwe naye nikamwachia haki yake: kuuliza kama bingwa anafaa kupatikana kabla ya mechi kwisha ni swali la kanuni na la haki, na sarufi haina jibu lake.

Kisha nikamwambia yule kijana kwamba kwa jinsi alivyonieleza, mechi alizocheza zilichezwa, na hakuna kitenzi kinachoweza kumrudishia mtu jasho lake mwilini. Aliniuliza kama naweza kumwandikia hayo kwenye karatasi aipelekee klabu. Nilimwandikia.