Miwani ya gemu yageuka sanaa: mgeni asiyealikwa ni wewe

Ukivaa miwani ile ya kuchezea gemu, mara unajikuta kwenye sayari nyingine. Mbele yako wapo Waafrika walioihama Dunia na kuanzisha makazi yao huko. Wanakutazama kwa mashaka. Mgeni asiyealikwa ni wewe.

Hiyo ni "Let This Be a Warning", kazi ya mwaka 2017 ya The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi, Kenya. Sio gemu, hakuna pointi wala mshindi. Ni filamu ya nyuzi 360.

Inafanyaje kazi? Miwani ina vihisi vinavyofuata kichwa chako. Ukigeuka kushoto, unaona kilichopo kushoto. Simu nyingi zina kihisi cha aina hiyo pia, ndiyo maana hata ukiwa Mitundu, Singida, unaweza kutazama video za nyuzi 360 kwa kuizungusha tu simu.

Wasanii kuchukua vifaa vya gemu sio jambo la jana. Mwaka 2002, Mmarekani Cory Arcangel alifungua kaseti ya Super Mario Bros ya Nintendo, akaichezea chipu yake, akafuta kila kitu na kubakiza anga na mawingu.

Sasa kwa nini miwani? Kwenye filamu ya kawaida unamwangalia mtu akitiliwa shaka. Hapa anayetiliwa shaka ni wewe. Aliyewahi kupanga foleni ya viza anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye nyumba ni Mwafrika.