Mavazi ya Mpanda Pikipiki Wakati wa Hari Kali

Mtu akisimama kando ya barabara ya Mombasa au Dar es Salaam katika miezi ya kaskazi, baina ya Desemba na Machi, wakati jua la adhuhuri limesimama utosini na fukuto la bahari limetanda juu ya mji, ataona waendesha bodaboda wa namna mbili wakipita mbele yake. Wa kwanza amevaa fulana isiyo mikono, kaptura na ndala, na helmeti yake ameitundika kwenye usukani. Wa pili amejifunika koti zito lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, akalinunua katika mitumba ya Kongowea au Karume, tena amelivaa kinyumenyume, mgongo wa koti ukawa kifuani, ili upepo usimpige. Wapita njia humtamani wa kwanza na kumcheka wa pili. Lakini kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, na mwenye kuchekwa hakukosea sana kuliko mwenzake.

Mwili wa binadamu aliye mzima hukaa katika joto la nyuzi 37 hivi, na ngozi, kwa kuwa iko nje, huwa chini ya hapo kidogo, aghalabu nyuzi 33 hadi 35. Mtu akishinda juani, joto linalozidi mwilini hutafuta pa kutokea, na mlango wake mkubwa ni jasho. Wala si jasho lenyewe lipozalo, bali ni kukauka kwake. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto ambalo lingeweza kuchemsha takriban lita 7 za maji ya bomba, ilhali jasho linalotiririka na kudondoka huenda bure, likaacha kiu na chumvi katika nguo. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: maji yanayopenya ubavuni mwake hukauka kidogo kidogo, na yaliyobaki ndani hupoa; ukiupaka rangi ya mafuta nje, ubaridi wake umekwisha. Basi mwenye kutaka kujua avae nini juu ya pikipiki asijiulize kwanza nguo ngapi, bali ajiulize jasho lake litakauka wapi, na kwa upepo wa namna gani.

Hapa pwani yetu hewa ya mchana wa kaskazi huwa nyuzi 32 au 33, yaani bado iko chini ya joto la ngozi, kwa hiyo upepo unaompiga mpanda pikipiki humpoza. Lakini hewa hiyo imejaa unyevu wa bahari, na jasho hukauka kwa uzito. Ndiyo sababu mtu huhitaji upepo mwingi upite mwilini mwake. Kwa upande huu mwenye fulana ana hoja. Hoja yake inavunjika siku ile tairi linapoteleza juu ya mchanga, kwa maana lami haimhurumii mtu kwa kuwa siku ilikuwa ya joto, na lami hiyo iliyopigwa na jua tangu asubuhi huweza kupita nyuzi 60, ikachuna na kuunguza kwa pamoja.

Suluhisho lililotungwa na mafundi ni jaketi la wavu: vazi lililofumwa kwa nyuzi ngumu za nailoni au poliesta, lenye matundu kifuani, mgongoni na mikononi, na ndani yake vikinga vigumu vya mabega, viwiko na uti wa mgongo. Upepo hupita kana kwamba hakuna kitu, na mtu akianguka, vile vikinga hupokea kishindo kabla ya mfupa. Chini yake huvaliwa fulana nyepesi yenye kubana kiasi, inayonyonya jasho na kulitandaza ili likauke upesi. Suruali iwe ndefu, hata kama si kwa ajili ya kuanguka, basi kwa ajili ya bomba la moshi, ambalo limeacha alama ya kudumu katika miguu ya abiria wengi wa miji yetu. Jinzi ya kawaida ni bora kuliko kaptura, lakini hupasuka upesi ikiburutwa. Zipo zilizotiwa ndani kitambaa cha Kevlar, uzi uliogunduliwa mwaka 1965 na mwanakemia wa Marekani, Stephanie Kwolek, katika kampuni ya DuPont. Bei yake, kusema kweli, si ya mtu anayepata riziki kwa nauli ya abiria mmoja mmoja, na sioni fedheha ya kutafuta jaketi la wavu mitumbani maadamu vikinga vyake havijatolewa.

Na yule mwenye koti zito? Waendeshaji wengi huamini kwamba upepo wa kifuani huleta kichomi, na kwa hofu hiyo hujiziba hata wakatota. Nimonia huletwa na vijidudu, si na upepo. Na ndani ya koti lililofungwa, katika hewa yenye unyevu, jasho halina pa kukaukia. Hata hivyo mtu huyu, akihamishiwa nchi nyingine pamoja na koti lake, angeonekana mwenye hekima.

Nchi hiyo ni jangwa. Katika bara la Uarabuni, au katika Bonde la Mauti huko California, ambako tarehe 10 Julai 1913 iliandikwa hewa yenye nyuzi 56.7, upepo una joto kuliko ngozi, na kadiri mtu anavyokwenda mbio ndivyo unavyomtia joto zaidi. Jasho nalo hukauka papo kwa papo, kabla halijatua juu ya ngozi, hata msafiri hudhani kwamba hatoki jasho kabisa, kumbe anakaukiwa na maji ya mwili. Huko jaketi la wavu hugeuka adui. Wajuzi wa safari hizo huloweka fulana ya pamba, wakaivaa ikiwa mbichi chini ya jaketi lililofungwa, na kuacha upenyo mdogo tu mikononi na shingoni ili hewa iingie kwa kipimo. Fulana ikikauka, husimama na kuiloweka tena.

Mabedui walilijua jambo hili la kujifunika kabla ya pikipiki kuwapo. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika jangwa la Negevi, na ikaonekana kwamba joto linalomfikia mtu ndani ya joho jeusi la Kibedui ni sawa na la ndani ya joho jeupe, kwa kuwa vazi lenyewe ni pana na hewa hupanda na kushuka ndani yake. Mpanda pikipiki hawezi kuuiga upana huo, kwani nguo yenye kupepea huvutwa na mnyororo au njiti za gurudumu. Na abiria wa kike wenye buibui na leso yawapasa kukusanya pindo zao na kuzikalia kabla chombo hakijaondoka.

Tukija kwenye helmeti, hapana pwani wala jangwa. T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepigana Hijazi na Sham wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akivaa mavazi ya Waarabu, aliokoka na jua lile lote, akaja kufa Mei 1935 katika nchi yake ya ubaridi kwa kuanguka na pikipiki akiwa kichwa wazi. Hugh Cairns, mmoja wa matabibu waliomwuguza, alichunguza baadaye vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akaandika juu ya faida ya helmeti. Leo inakadiriwa kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 40 hivi. Taabu yake ni joto na harufu: basi ichaguliwe nyeupe, yenye matundu ya hewa, na ndani yake ivaliwe kofia nyepesi ya pamba ifuliwayo kila siku. Abiria asiyependa jasho la waliomtangulia achukue kitambaa chake mkobani.

Pako mahali ambapo mavazi hayatoshi. Dubai na Maskati katika Julai hukutanisha joto la jangwa na unyevu wa bahari, na huko wapo vijana wa Kenya na Uganda wanaopeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Falme za Kiarabu zimekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tangu 15 Juni mpaka 15 Septemba. Popote pale, mpanda pikipiki akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kusahau njia anayoijua, asijidanganye kwamba atafika. Asimame kivulini, avue helmeti na jaketi, ajimwagie maji mwili mzima na kujipepea. Akiwa amekwisha kupayuka au kuzimia, wenziwe wasimnyweshe kitu, bali waendelee kummwagia maji njia nzima mpaka hospitalini.