Mwokoaji wa Kujitolea: Moyo wa Kusaidia Unahitaji Mafunzo

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikia kwa mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika na 19 walipoteza maisha. Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo wakazi wa mwambao wanalifahamu: katika dakika za awali za maafa, mwokoaji ni yule aliye karibu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji au mtaa. Wakazi wanaojitolea hufanya kazi kupitia kamati hizo, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapowasili, hufuata maelekezo yake.

Usalama wa mwokoaji kwanza

Kanuni ya kwanza ndiyo iliyo ngumu kupokelewa: mwokoaji asiwe majeruhi wa pili. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu naye, na huweza kumzamisha hata muogeleaji hodari. Kwa hiyo mwokoaji huanza kwa kumnyooshea mti au kasia akiwa nchi kavu. Ikishindikana, humrushia kamba au dumu tupu lililofungwa vizuri. Kisha humwendea kwa mtumbwi. Kuingia majini ni hatua ya mwisho, na ni ya aliyefunzwa.

Aliyetolewa majini bila kupumua huhitaji hewa mara moja: kupuliziwa pumzi na kushindiliwa kifua. Kumning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili atapike maji ni kupoteza dakika zinazoamua uhai wake.

Kutafuta kwa utaratibu

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na watu wengi kuliko uwezo wake wa abiria 101, na idadi yao halisi haikujulikana mara moja. Siku mbili baadaye, mtu mmoja alitolewa humo akiwa hai. Ndiyo maana kikosi huhitaji mtu wa kuandika majina ya waliopatikana na wanaotafutwa, na ndiyo maana injini huzimwa kila baada ya muda ili sauti dhaifu isikike. Hakuna anayeacha kutafuta kwa uamuzi wake binafsi.

Nani anahitajika

Si lazima mtu awe muogeleaji. Nahodha wa mtumbwi, fundi wa injini, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenye mwandiko unaosomeka na mzee anayezijua njia na mikondo ya maji, wote wana nafasi. Kazi hii haina mshahara. Inahitaji afya, nidhamu na kuhudhuria mazoezi.

Mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayependa kujitolea afike ofisi ya Mtendaji wa Kata yake, akieleza ujuzi alionao. Dharura inapotokea, taarifa itolewe kwanza kwa namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, kabla mtumbwi wowote haujasukumwa majini.