Bega la mrushaji hupimwa kwanza, hunyooshwa baadaye

MWAKA 2015, Mkenya Julius Yego alirusha mkuki umbali wa mita 92.72 mjini Beijing, China, na kutwaa ubingwa wa dunia. Nyuma ya mrusho wa aina hiyo huwapo maelfu ya mirusho ya mazoezini, na bega hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Kadiri miaka inavyopita, bega la kurushia hubadilika. Huzunguka zaidi kuelekea nje, mkono unapovutwa nyuma, lakini hupungukiwa uwezo wa kuzunguka kuelekea ndani. Hali hiyo huwapata pia wachezaji wa mpira wa mikono na besiboli.

Sababu kuu ni mbili. Kwa walioanza kurusha wakiwa bado wanakua, mfupa wa mkono wa juu huwa na msokoto tofauti na wa mkono wa pili. Huo si ugonjwa, wala hauondolewi kwa kunyoosha. Sababu ya pili ni kukakamaa kwa misuli na utando wa nyuma ya bega, ambao hufanya kazi kubwa ya kuuzuia mkono baada ya mkuki kuachiwa. Huko ndiko tiba ya viungo husaidia.

Ndiyo maana mtaalamu hupima mabega yote mawili, mwanamichezo akiwa amelala chali. Upungufu wa nyuzi 20 wa kuzunguka ndani, pekee, hautoshi kuitwa tatizo. Ikiwa jumla ya mzunguko wa ndani na nje inalingana na ya bega la pili, huenda ni maumbile tu. Jumla ikipungua pia, kukakamaa hushukiwa.

Zoezi linalotumika sana ni kuuvuta mkono kwa upole kukatiza kifua, kwa sekunde 30, na kurudia mara kadhaa. Zoezi likileta maumivu mbele ya bega, lisitishwe.

Kunyoosha pekee hakutoshi. Misuli ya nyuma ya bega huimarishwa kwa mipira ya kuvuta, pamoja na kiuno na miguu, kwa kuwa nguvu ya mrusho huanzia chini. Kisha idadi na umbali wa mirusho huongezwa taratibu.

Anayepuuza maumivu na kuendelea kurusha huweza kuchanika kano, jeraha linaloweza kumweka nje ya uwanja msimu mzima.