AMPLIFAYA YA MZEE IMEZIMA? USIKIMBILIE KUNG'OA TRANSISTA!

Pata picha: harusi Maguu kule Mbinga, pesa za kahawa zimeingia, vumbi linatimka. Ghafla amplifaya inanguruma "vuuuum", spika inatoa moshi. Aibu gani hiyo! Wazee wa mganda wanacheka tu, ngoma yao haihitaji umeme.

Yalimkuta mjomba wangu. Fundi alitazama kwa macho tu, akatoa hukumu: "Mzee wangu, transista zimezeeka, tubadili zote nne." Mjomba akatuma hela Songea, zikaja mpya zinang'aa kama sufuria. Nyimbo tatu tu, kwisha habari yake. Feki!

Sasa nyie watoto wa mjini mnaosaka amplifaya za zamani kwa ajili ya besi nzito, sikilizeni. Transista ya silikoni kama 2N3055, ile ya bati yenye umbo la jicho ambayo kampuni ya RCA ya Marekani iliitoa miaka ya 1960, haizeeki kama betri. Ni kweli, miaka mingi ya kupata moto na kupoa huichosha ndani. Lakini mara nyingi anayemponza ni jirani. Ile krimu nyeupe kati yake na bamba la alumini hukauka, joto likakosa pa kutokea. Transista ikichemka hupitisha umeme zaidi, umeme ukizidi nayo inachemka zaidi, hadi inajiua. Ikifa kwa shoti, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye spika. Ndiyo ule moshi.

Halafu feki. 2N3055 halali huhimili ampea 15 na volti 60. Feki ukiipasua kwa msumeno unakuta kidonge kidogo cha kutia huruma.

Kupima si uchawi. Ing'oe kwanza, kwani ikiwa kwenye saketi mita hudanganya. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye beizi, mweusi kwenye imita, kisha kwenye bati, ambalo ndilo kolekta. Usome kati ya 0.5 na 0.7 kote. Geuza waya: kimya. Kati ya imita na bati: kimya pande zote. Ikipiga kelele, hiyo maiti.

Ila mita ina umeme kiduchu, transista mbovu inaweza kuidanganya. Kwa hiyo fundi makini huwasha amplifaya bila spika, umeme ukipitia kwanza kwenye taa ya waya ya wati 60 au 100. Taa ikimulika kidogo na kufifia, safi. Ikibaki inawaka kali, zima! (Volti 230 si mchezo, mwachie anayejua.)

Mjomba alizikuta zile nne za zamani kwenye kopo la fundi. Tulipopima, tatu nzima, moja tu maiti! Ya nne tukaipata kwenye amplifaya mbovu ya jirani, tukapaka krimu mpya. Kahawa ya msimu uliofuata ilichezewa muziki mpaka alfajiri.

Fundi bado anadai hela yake ya kazi.