Kiti cha Mtoto Mchanga Ndani ya Gari

Kiti cha gari cha mtoto mchanga kina kazi moja: kumshika mtoto gari linaposimama ghafla. Mikono ya mama haiwezi kazi hiyo, hata awe na nguvu namna gani. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 7 huchomoka kwa nguvu ya mzigo wa karibu kilo 100. Kumpakata na kuzungusha mkanda mmoja kwa wote wawili ni hatari zaidi, kwa sababu uzito wa mama humbana mtoto kwenye mkanda.

Kiti kinachofaa ni kile kinachomtazamisha mtoto nyuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na shingo haijakomaa. Akitazama nyuma, kishindo hupokelewa na mgongo mzima. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inataka akae hivyo mpaka apite miezi 15. Kiti kilichopimwa kwa kanuni hiyo huwa na lebo yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na urefu wa mtoto kinayemfaa. Cha mtumba kinunuliwe tu ikiwa historia yake inajulikana, kwani kilichopata ajali hakifai tena hata kama hakina ufa.

Katanga magari huenda upande wa kulia wa barabara, lakini mengi yaliyotoka Japani yana usukani kulia. Hapo mahali pazuri ni kiti cha nyuma cha kulia, nyuma ya dereva: mtoto hupandishwa kutoka kando ya barabara, mbali na magari yanayopita. Mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi ni marufuku kabisa. Ukifumuka, hugonga mgongo wa kiti palipo na kichwa cha mtoto.

Mkanda wa gari hupitishwa kwenye njia zilizowekewa alama, kiti kikikandamizwa kwa nguvu huku mkanda ukivutwa. Kikitikiswa pale mkanda unapopita, kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda midogo ya kiti inayomfunga mtoto itokee usawa wa mabega au chini kidogo, ikazwe hadi vidole visiweze kubana mkunjo wa mkanda begani. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, blanketi hufunikwa juu ya mikanda. Likiwekwa chini yake, huilegeza.

Kwa familia ya Mwadingusha inayokwenda Likasi, mashimo na vumbi huongeza kazi: mkanda ukaguliwe kabla ya kuondoka na kila gari linaposimama. Mtoto akilia njiani, dereva asimame kwanza, ndipo atolewe kitini.